Bwawa la koi nyuma ya nyumba, na maporomoko yake

Kwanza usichimbe kabwawa kadogo, koi (samaki wa mapambo wa rangirangi) anaweza kufika sentimita 60 na anachafua maji sana, kwa hiyo kina kisipungue mita 1, kikifika 1.2 ndo safi. Shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha 1.2 linabeba kama lita 7,200, basi tafuta pampu ya kuzungusha maji yote ndani ya saa moja mpaka mbili, na angalia inatoa kiasi gani ikishapandisha maji pale juu, sio ile namba kubwa ya kwenye boksi.

Maporomoko ndo sehemu watu wanapotezea maji. Laina (karatasi nzito isiyopitisha maji) ya mfereji wa maporomoko lazima ilalie juu ya laina ya bwawa, kingo ziinuliwe pembeni, halafu ziba nyuma na chini ya mawe kwa povu la kuzibia ili maji yapite juu. Washa, kaa uangalie udongo wa pembeni, ukilowa ujue kuna kona inavuja.

Samaki subiri jamani! Maji ya bomba yana klorini, weka dawa ya kuiondoa, kisha anza na koi wawili watatu tu, maana bakteria wa kwenye filta (chujio la maji) wanahitaji wiki kadhaa kuzaliana mpaka waweze kumaliza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Kila wiki badilisha asilimia 10 hivi ya maji, na sponji ya filta suuza kwa maji ya bwawa lenyewe, klorini ya bomba inaua hao bakteria. Umeme ukikatika usiku samaki wanakosa hewa haraka, kapampu ka hewa ka betri nunua mapema.