LSD au loka? Chagua difu yako kabla hujafungua nati hata moja

Simama pembeni ya gari lililokwama kwenye korongo utazame matairi ya nyuma. La kushoto linaning'inia, kiganja kizima kutoka ardhini, linazunguka kama feni. La kulia limekalia udongo mkavu, limebeba uzito wote wa nyuma, na limetulia tuli. Dereva anazidi kukanyaga mafuta. Anadhani injini imechoka, kumbe injini ni nzima. Kilichomkwamisha ni difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi la kushoto na la kulia.

Difu ya kawaida iliwekwa kwa ajili ya kona. Tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima yaachiwe yapishane mwendo. Difu inayaachia, huku ikiyagawia nguvu sawa kwa sawa. Mtego uko hapo kwenye "sawa kwa sawa": tairi la hewani linazungushwa na nguvu kiduchu, basi na mwenzake wa chini anapewa kiduchu hichohicho.

Dawa ni mbili: LSD (limited-slip differential), difu inayobana kiasi ili tairi moja lisizunguke bure, na loka, inayofunga matairi mawili yazunguke pamoja. Wanaokuja kwangu huuliza loka ipi ni kali zaidi. Mimi huwauliza kwanza: tairi lako huwa linateleza, au linanyanyuka? Jibu la hapo linaamua karibu kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 1: Jua kilichomo ndani sasa hivi

Weka gari mahali tambarare, tia kabari matairi ya mbele, nyanyua ekseli nzima ya nyuma na uikalishe kwenye stendi. Gia iwe nyutro, handibreki iachie. Zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, una difu ya kawaida. Likifuata upande uleule na propela shafti nayo ikazunguka, ndani kuna LSD au loka.

Kipimo hiki huweza kukudanganya. LSD ya klachi iliyokwisha hujibu kama difu ya kawaida, na baadhi ya LSD za gia hujibu hivyo hata zikiwa mpya. Kwa hiyo soma pia bati la utambulisho la gari; magari mengi huwa na namba ya ekseli pale, na muuza spea anayejua kazi yake ataisoma. Jambo moja usifanye kamwe: kuingiza gia injini ikiwaka huku umenyanyua tairi moja tu. Kama kuna LSD, tairi lililobaki chini litasukuma gari na kulidondosha kutoka kwenye jeki.

Hatua ya 2: Linateleza au linanyanyuka?

Tufanye hesabu ndogo. Tairi moja liko kwenye tope, linahimili Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla ya kuteleza. Lingine liko kwenye ardhi ngumu. Difu ya kawaida inakupa 200 kila upande, jumla 400. LSD ya gia yenye uwiano wa 3 kwa 1 inaweza kupeleka 600 upande unaoshika, jumla 800. Umepata maradufu bila kubonyeza kitu.

Sasa toa lile tairi kwenye tope uliache hewani. Sifuri mara tatu ni sifuri. LSD ya gia uliyoinunua kwa hela nyingi imegeuka kuwa difu ya kawaida. Loka haina hesabu hiyo. Shafti mbili za matairi zinakuwa kama chuma kimoja, na tairi linaloshika linachukua nguvu yote iliyopo.

Kwa hiyo, kama njia zako ni mchanga, changarawe, tope la wastani na barabara za vumbi zenye mvua, matairi yote yakiwa chini muda mwingi, LSD inatosha. Kama ni mawe makubwa, makorongo ya kukatiza na ngazi za mmomonyoko, usijidanganye. Utahitaji loka.

Hatua ya 3: Zijue aina nne kwa tabia zake

LSD ya klachi ina plati zinazobanwa na springi. Ni ya zamani, imefungwa viwandani kwenye magari mengi, na kwa kuwa springi zinabana muda wote, husaidia kidogo hata tairi likiwa hewani. Ubaya wake ni kwamba plati zinakwisha, na inataka oili yenye kiongezi cha msuguano, dawa inayolainisha msuguano wa plati. Niliwahi kumwaga oili ya kawaida kwenye difu ya gari langu mwenyewe, nikasahau kiongezi. Siku ya pili, kila nikikata kona taratibu, nyuma kulikuwa kunaguna kama mlango mzito wa mbao. Nikaimwaga yote nikaanza upya.

LSD ya gia, kama Torsen na Truetrac, haina plati za kuisha. Gia zenye meno ya mshazari hujibana zenyewe nguvu inapoongezeka. Ni laini barabarani, na ndiyo pekee ambayo ningeiweka mbele kwenye gari linaloendesha matairi yote manne muda wote. Humvee za jeshi la Marekani zinatumia Torsen, na madereva wake hufundishwa ujanja ambao nawe utumie: tairi likinyanyuka, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku ukikanyaga mafuta. Breki inalipa tairi la hewani kitu cha kupigana nacho, na ile sifuri inakuwa namba inayoweza kuzidishwa.

Loka ya kujifunga yenyewe, kama Detroit Locker, hufunga muda wote nguvu inapopita, na huachia tairi la nje kwenye kona likitaka kukimbia zaidi. Haina waya, haina mpira wa hewa, haina swichi ya kusahau. Lakini utaisikia: tik-tik-tik kwenye maegesho, kisha kishindo kimoja kizito unapoachia mafuta katikati ya kona. Kwenye gari fupi na jepesi gari linaweza kuhama mstari, na barabara ikiwa na utelezi inataka dereva mtulivu. Zipo pia ndogo zinazoingia ndani ya kikombe (ganda) cha difu yako ya zamani badala ya spaida, zile gia ndogo za ndani. Ni nafuu na hazikulazimishi kugusa krauni, gia kubwa ya difu, lakini uimara wake hauzidi wa kikombe chenyewe.

Loka ya swichi ni difu ya kawaida mpaka uiamuru. ARB Air Locker inafungwa kwa hewa ya kompresa, ELocker ya Eaton kwa umeme, na magari kadhaa hutoka nazo kiwandani: baadhi ya Land Cruiser za 80 zilikuja na loka za umeme mbele na nyuma, Mercedes G ina tatu, Wrangler Rubicon ina mbili. Kwa gari linalofanya kazi barabarani wiki nzima na kuingia porini mwishoni mwa wiki, hii ndiyo chaguo langu, hata bei yake ikiuma. Cha kuharibika ni kingi zaidi, ndiyo. Ila huendeshi na tabia za loka siku ambazo huihitaji.

Kuna na "loka" ya tano, ya kuchomelea spaida kwa weldi. Kwa gari la kuchezea shambani, sawa. Likigusa lami, matairi yataliwa, na siku moja shafti itakatika.

Hatua ya 4: Nyuma kwanza, mbele baadaye

Ukiwa na hela ya loka moja, weka nyuma. Ukipanda mlima uzito unarudi nyuma, na tairi la nyuma ndilo lenye cha kushika. Loka ya mbele huvuta sana kwenye mawe, lakini usukani unakuwa mzito, gari linakataa kona, na jointi za shafti za mbele, hasa ukikata usukani hadi mwisho huku unakanyaga mafuta, ndizo hupasuka kwanza. Loka ya kujifunga mbele ivumilie tu kama gari lako lina habu za kuachia, ili barabarani matairi ya mbele yatengane kabisa na shafti zake.

Na kama gari lako lina difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, hakikisha inafungika. Loka mbili huku difu ya kati iko wazi hazikufikishi mbali.

Hatua ya 5: Hesabu meno kwa macho yako

Hapa ndipo watu hupoteza hela. Unahitaji kujua mambo matatu: aina na ukubwa wa difu, uwiano wa krauni na pinieni (gia ndogo inayoizungusha krauni), na idadi ya meno kwenye ncha ya shafti inayoingia ndani.

Uwiano unapatikana kwa kuhesabu: krauni ya meno 41 na pinieni ya meno 10 ni 4.1. Ni muhimu kwa sababu kwenye difu nyingine kikombe hubadilika kulingana na uwiano; Dana 44, kwa mfano, ina kikombe kimoja cha 3.73 kushuka na kingine cha 3.92 kupanda. Ukibadilisha uwiano, mbele na nyuma zifanane, la sivyo ukiingiza 4x4 gia zitavutana.

Meno ya shafti niliwahi kuyahesabu kwenye intaneti badala ya kwenye shafti. Mzigo ukafika, nikafungua boksi kwa furaha, nikachukua shafti kuijaribisha. Haikuingia. Mwenye gari wa kabla yangu alikuwa ameshabadilisha shafti. Tangu siku hiyo navuta shafti kwanza, naweka alama ya chaki kwenye jino moja, nahesabu mara mbili, ndipo naagiza.

Hatua ya 6: Kufunga

Loka inayobadilisha kikombe kizima si kazi ya spana na moyo tu. Krauni inahamishwa, kwa hiyo nafasi kati ya meno yake na ya pinieni lazima ipimwe kwa geji ya mshale. Difu nyingi hutaka takriban milimita 0.13 hadi 0.20, kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kisha paka rangi ya kupimia kwenye meno, zungusha, uone alama imekaa katikati ya jino. Fundi asiyekuwa na geji hiyo mpe kazi nyingine.

Mpira wa hewa au waya upitishe mbali na ekzosi, na uache ulegevu wa kutosha ekseli inaposhuka hadi mwisho. Tundu la kupumulia difu liangalie pia, maana likiziba oili hutafuta sili ya kutokea. Kiongezi cha msuguano weka kwenye LSD ya klachi peke yake. Loka na LSD za gia hazikihitaji.

Hatua ya 7: Jifunze kuitumia

Loka ya swichi ifunge kabla ya kikwazo, gari likiwa linatembea taratibu au limesimama. Usiifunge tairi likiwa linazunguka bure kwa kasi, meno yatagongana. Ukimaliza, zima, kisha nyoosha gari mita chache ili iachie. Usitembee nayo kwenye lami.

Kwenye mteremko wa ubavuni, zima. Ekseli iliyofungwa ikiteleza huteleza matairi yote mawili kwa pamoja, na mkia unaelekea bondeni. Na kama gari lina mfumo wa breki unaozuia tairi kuzunguka bure, jua kwamba kwenye baadhi ya magari loka ya nyuma ikiwashwa mfumo huo huzimika hata mbele. Jaribu kwenye tope jepesi ujue lako linafanyaje, kabla hujalihitaji.

Baada ya kilomita 500 hivi, mwaga oili ya difu uangalie sumaku ya nati ya kutolea. Uji wa kijivu laini kama masizi ni kawaida. Ukikuta kipande chenye kona, gari libaki kwenye stendi ufungue tena.