Kabla hujapiga windows kwenye PC ya zamani, fuata huu mpangilio

Wakuu habari za sa hizi. Juzi kuna mama ana steshenari Kirumba, Mwanza, kule kushuka Mwaloni, kanipigia simu, "mwanangu njoo unipigie windows mpya, hii kompyuta imechoka hata kufungua barua pepe ya mteja inagoma." Kufika nakuta Dell OptiPlex 780, Core 2 Duo, ramu 2GB, hadi diski 160GB, Windows 7. Nikamwambia mama tulia kwanza, windows ndo inakuja mwishoni, fundi anayekimbilia kupiga windows kabla hajafungua CPU (lile boksi la kompyuta) ujue anabahatisha kwa hela yako. Naweka hapa nilivyofanya kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya 1: angalia saa. Sio utani. Ile mashine ilikuwa inaamini tupo 2009, sasa kila tovuti akifungua anaambiwa muunganisho sio salama, mama akajua virusi, na kuna kijana alishamla hela ya antivirus. Kumbe tovuti yenye alama ya kufuli ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikidhani ni 2009 inaona cheti chenyewe bado hakijaanza kutumika, inakataa. Tatizo ni betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani), inatakiwa iwe volti 3, ya mama nilivyoweka mita ikasoma 1.9. Chomoa waya wa umeme, sukuma kile kibati cha pembeni betri inaruka yenyewe, weka mpya upande wenye maandishi uangalie juu, washa, bonyeza F2 uingie BIOS (menyu ya mipangilio ya mashine) urekebishe tarehe. Dakika tano tu na tovuti zikaanza kufunguka.

Hatua ya 2: usafi. Wanaokaa karibu na ziwa mnajua vile vidudu vinavyokuja kama moshi jioni vikifuata taa, basi vingine vinaishia kwenye feni ya prosesa, vikichanganyika na vumbi vinakuwa kama blanketi. Toa CPU nje upige blowa, ila shika feni kwa kidole isizunguke. Pesti ya prosesa kama imekauka imekuwa chaki, futa weka nyingine, kiasi cha punje ya mchele inatosha.

Hatua ya 3: hela ya kwanza iende kwenye SSD, yaani diski ya kisasa, sio ramu. Hapa huwa tunabishana sana mafundi lakini mimi msimamo wangu ndo huo. Hadi diski ya zamani ina mkono unaohangaika kutafuta faili huku na huku, na programu za sa hivi zinasoma vifaili vidogo vidogo maelfu, ndo maana unawasha mashine unaenda kunywa chai unarudi bado taa inapepesa. SSD haina mkono. SATA, ile njia ya kuunganishia diski, kwenye hiyo Dell ni ya kizamani, SSD haitafika mwisho wa spidi yake, wala usijali, tofauti utaiona. Ila kabla hujagusa kitu chochote hamisha kazi za mtu kwenye eksteno (diski ya nje), halafu pima afya ya diski na programu ya CrystalDiskInfo, ya mama ilionyesha rangi ya njano ya tahadhari, yaani ilikuwa inaaga taratibu.

Ramu nikaongeza vijiti viwili vya 2GB jumla ikawa 6GB. Angalia aina, hiyo 780 inatumia DDR3 ila dada yake 755 ni DDR2, ule mkato wa chini haukai sehemu moja kwa hiyo ikigoma kuingia usiilazimishe.

Hatua ya 4: sasa ndo mfumo. Windows 7 Microsoft waliiacha Januari 2020, Chrome nayo ikaishia toleo la 109 huko. Windows 10 apdeti za kawaida zimekata tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, najua kuna njia za kuilazimisha, lakini kuanzia toleo lake la 24H2 kwenye Core 2 Duo haiwaki kabisa, prosesa haina maagizo inayoyahitaji. Kwa hiyo nikaweka Linux Mint 22, mfumo wa bure mbadala wa Windows, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi, apdeti zipo mpaka 2029. Faili lake ni karibu 3GB, shusha usiku kama una bando la usiku, choma kwenye flashi kwa programu ya Rufus ukichagua MBR (mpangilio wa mashine za zamani), washa mashine huku unagonga F12, chagua flashi. Itawaka bila kuinstoli, tulia hapo ujaribu sauti, intaneti na printa kwanza, ndo uinstoli. Kama kazi yako ni Publisher au PageMaker, ambazo ni programu za Windows, usifuate hii hatua, utanitukana.

Hatua ya 5: vitu vitakavyokurudisha kwa mteja. Printa yake HP LaserJet 1020 ilionekana ila haitoi karatasi mpaka nikaandika `hp-plugin` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ikashusha kipande chake. Halafu fonti, barua ya ukurasa mmoja ya Times New Roman ikawa kurasa mbili, sahihi imebaki peke yake nyuma, nikaweka `sudo apt install ttf-mscorefonts-installer` ikarudi. Na kwenye LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja na Mint, badilisha isevu kwa docx moja kwa moja, la sivyo mteja anaondoka na flashi akifika kwake faili linaweza kugoma au kuvurugika. YouTube aweke 480p, prosesa ya zamani video inaitoa jasho, na kwenye Firefox nimemwambia tabu tatu nne zinatosha, ya kumi inakuwa tabu kweli.

Mwisho nikaweka ikoni ya Writer (ya kuandikia ya LibreOffice) pale mbele nikaibatiza jina "Word". Mpaka leo hajauliza.