Somo: Kujiandaa kwa Usaili wa Udahili wa Shule ya Biashara Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu wanachama,

Somo hili linawahusu wale waliokwisha kutuma maombi ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara) katika shule za nje na ambao sasa wamepata mwaliko wa usaili, au wanautazamia. Halihusu insha wala GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule hizo, kwa sababu hayo yamekwisha kupita. Nimelipanga kwa hatua, lakini hatua hizi hazina uzito sawa. Ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa, na mwenye siku chache mkononi aanzie huko.

Hatua ya kwanza: fahamu ni usaili wa aina gani

Soma barua ya mwaliko neno kwa neno, kwa kuwa shule hazifanani. Harvard humwita yule tu iliyemteua baada ya kusoma maombi. Mazungumzo huchukua dakika 30 na msaili huwa amesoma faili lote. Wharton hukusanya waombaji wachache wajadili hoja moja kwa pamoja huku wakitazamwa, na baadaye kila mmoja huzungumza kwa muda mfupi peke yake. Stanford hutumia zaidi wahitimu wake, na INSEAD ya Ufaransa kwa kawaida humkutanisha mwombaji na wahitimu wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Zipo pia shule zinazomtaka mwombaji ajirekodi kwa video akijibu swali ambalo hakulijua kabla, akiwa na muda mfupi sana wa kufikiri.

Jambo kubwa la kujua ni kama msaili amesoma faili lako lote au ameona wasifu wako tu. Aliyesoma lote atakuchimba: atachukua sentensi moja ya insha yako na kutaka kilichokuwa nyuma yake, hivyo kumrudishia maneno yaleyale ni kumpotezea muda. Aliyeona wasifu tu hajui lolote zaidi ya mistari ile, na ukimwambia "kama nilivyoeleza kwenye insha" unamfungia mlango wewe mwenyewe.

Hatua ya pili: hesabu saa mara mbili

Saa 4:00 asubuhi ya Boston, mjini kwa Harvard, mwezi Januari ni saa 12:00 jioni kwetu. Saa hiyohiyo mwishoni mwa Machi ni saa 11:00 jioni, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi ilhali sisi hatugusi zetu. Barua yenyewe itaandika 10:00, na macho yaliyozoea saa ya Kiswahili huisoma kuwa saa kumi bila kujitambua. Andika kwenye karatasi namna zote mbili, 18:00 na saa 12 jioni, kisha mwombe mtu mwingine akague.

Hatua ya tatu: andaa visa, yaani masimulizi, vya kazi ulizofanya

Hapa ndipo waombaji wengi wa kwetu hupungukiwa, na si kwa kukosa kazi za kueleza. Katika malezi yetu, mtu anayesema "mimi" kila mara mbele ya wakubwa huonekana hana adabu, na kwa hiyo tumezoea kusema tulipanga, tulisimamia, tulifanikiwa. Msaili anapomaliza kusikiliza anajua kikundi kilifanya nini, lakini wewe uliyeketi mbele yake hakuoni. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba ujisifu. Siukubali ushauri huo, kwa sababu mtu asiyezoea kujisifu hujisifu vibaya, na msaili mzoefu hutambua mara moja.

Dawa yake ni kugawa kazi kwa haki. Taja kila aliyehusika na alichofanya, kisha jitaje wewe na ulichofanya, bila kupunguza wala kuongeza. Chukua mfano wa afisa wa ushirika wa kahawa wilayani Mbozi ambaye jibu lake la kwanza ni hili: "Tuliboresha ubora wa kahawa na wakulima wakapata bei nzuri zaidi." Jibu hilo lina heshima, lakini halina mtu ndani yake.

Mwulize maswali madogo na kisa kinaanza kufunguka. Kahawa mbivu ilikuwa ikifika kwenye mtambo wa kumenyea usiku, kwa sababu pikipiki ya kubebea ilipita vijijini mara moja tu, baada ya jua kuzama. Punje zililala kwenye magunia hadi asubuhi, zikaanza kuchacha kabla ya kumenywa, na kahawa ikashuka daraja. Afisa huyu aliketi na daftari la mapokezi akalinganisha mizigo iliyomenywa siku ileile na ile iliyolala, akaonyesha tofauti ya bei, na akapendekeza pikipiki ipite mara mbili, mchana na jioni. Mweka hazina alikataa kwa sababu ya mafuta. Afisa akarudi na hesabu ya pili, iliyoonyesha kwamba gharama ya mafuta ni ndogo kuliko hasara ya daraja. Sasa jibu linakuwa hivi: "Bodi ndiyo iliyoidhinisha fedha, na wazee wa vijiji ndio waliowashawishi wakulima wachume mapema. Mimi nilifanya hesabu, nikaitetea mbele ya bodi baada ya kukataliwa mara ya kwanza, na wiki ya mwanzo nilisimama kwenye tangi la maji nikiwaonyesha wakulima punje mbovu zinavyoelea." Hakuna majivuno hapo, na hakuna mtu aliyenyang'anywa sifa yake, lakini msaili sasa anamwona.

Angalia pia maneno. Mtu wa Boston, au wa Fontainebleau iliko INSEAD, hajui AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), hajui debe, na hajui stakabadhi ghalani. Kila neno la namna hiyo lipewe maelezo yasiyozidi sentensi moja, na vipimo vigeuzwe kuwa kilo na dola. Nawashauri muandike maelezo hayo mapema, kwa sababu anayeyatunga papo hapo hujikuta amemaliza dakika tatu akieleza ushirika ni nini, na kisa chenyewe hakijaanza.

Uwe na visa vitano au sita: uliongoza watu, ulishindwa, uligongana na mwenzako, uliamua bila kuwa na taarifa zote, ulikabiliwa na jambo la maadili. Kisa kimoja kinaweza kujibu maswali mawili au matatu. Kuhusu maadili, huku kwetu hatuna haja ya kutafuta mbali. Aliyenunua viazi Njombe anajua lumbesa, na anajua mnunuzi anayepima kwa mizani anavyoachwa na washindani wanaojaza gunia hadi lipate kichwa. Ulichagua nini, kilikugharimu nini, nani alikasirika? Na kuhusu kushindwa, leta jambo lililoharibika kweli. "Nilifanya kazi kupita kiasi" si kushindwa, na wasaili wamekwisha kulichoka jibu hilo.

Hatua ya nne: kwa nini MBA, kwa nini sasa, kwa nini hapa

"Nataka kuwasaidia wakulima wa Nyanda za Juu Kusini" ni nia njema, lakini ni pana mno. Ipunguze mpaka iwe tatizo moja unalolijua kwa mikono yako. Kama ni parachichi za Rungwe au Njombe, sema ni sehemu gani ya safari ya tunda inayokukosesha usingizi: uvunaji wa matunda yasiyokomaa, uhaba wa vyumba vya baridi, au mkulima kutojua bei hadi gari limeondoka shambani. Kisha sema ni ujuzi gani huna, na shule hiyo inaufundisha wapi. Jina la shule likiweza kubadilishwa na lingine bila jibu kuharibika, jibu hilo halijaiva.

Hatua ya tano: fanya mazoezi kwa sauti

Usaili utakuwa wa Kiingereza, kwa hiyo zoea kuvisimulia visa hivyo kwa Kiingereza, kila kimoja kwa dakika mbili hivi. Jirekodi kwa simu, usikilize, urudie. Usikariri neno kwa neno, maana aliyekariri akikatizwa katikati hurudi mwanzo. Tafuta msikilizaji asiyejua kazi yako, mwalimu wa sekondari kwa mfano, na umruhusu akukatize.

Hatua ya sita: chumba, umeme na mvua

Shule za Marekani zinazopokea maombi Septemba husaili zaidi kati ya Oktoba na Desemba, na zinazopokea Januari husaili Februari na Machi. Tazameni kalenda yetu: sehemu kubwa ya miezi hiyo ni msimu wa mvua huku. Mvua ya Mbeya ikishuka juu ya bati lisilo na dari, msaili hasikii chochote, na hakuna kipaza sauti kitakachokuokoa. Tafuta chumba chenye dari, au ofisi ya ghorofa ya chini katika jengo la ghorofa. Kompyuta iwe imejaa chaji, uwe na laini za simu za mitandao miwili zenye bando la kutosha, na simu iwe tayari kurusha intaneti umeme ukikatika. Omba mapema namba au barua pepe ya kutumia mawasiliano yakikatika. Kuomba hivyo si udhaifu.

Hatua ya saba: maswali yako na shukrani

Andaa maswali mawili ambayo tovuti ya shule haiyajibu. Siku hiyohiyo au kesho yake tuma ujumbe mfupi wa shukrani, mistari mitatu inatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Iringa: Kamwene mwalimu, na shikamoo. Mimi ni afisa mikopo wa kawaida kwenye SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), sina mtu hata mmoja chini yangu. Nikiulizwa kuhusu uongozi nitasema nini?

Jibu: Marahaba dada. Wanachouliza ni kama umewahi kumfanya mtu asiye chini yako afuate njia uliyoiona. Afisa mikopo huenda nyumbani kwa mkopaji aliyechelewa, huzungumza na wadhamini, na hurudi ofisini kumshawishi meneja akubali ratiba mpya ya marejesho. Kama umefanya hivyo na mkopo ukarudi, hicho ni kisa cha uongozi. Na kama haukurudi, una kisa cha kushindwa.

Mwanachama wa Mbeya: Kaka, nimepangiwa kukutana na mhitimu wa shule hiyo hotelini Dar es Salaam. Mama anasema si vizuri kwenda mikono mitupu, nimpelekee kilo tano za mchele wa Kyela. Je, inafaa?

Jibu: Mama yako yuko sahihi kwa ugeni wowote isipokuwa huu. Msaili ataandika tathmini yako, na zawadi itamweka mahali pabaya hata kama nia ni safi. Mchele ubaki nyumbani, umpelekee siku nyingine atakapokuwa rafiki. Akijitolea kulipia chai, kubali na ushukuru. Kuhusu safari, ni zaidi ya kilomita 800 na lori moja likikwama kwenye mlima wa Kitonga foleni inaweza kula nusu siku, kwa hiyo uwe umefika Dar siku moja kabla. Wala usitegemee ndege ya asubuhi hiyohiyo kutoka uwanja wa Songwe.

Mwanachama wa Mafinga: Tuna biashara ya mbao ya familia. Baba hakuwahi kuweka vitabu vya hesabu. Nikiulizwa mauzo yalikua kiasi gani, nitoe takwimu ipi?

Jibu: Usitunge. Kusanya ulichonacho: risiti za mashine, miamala ya benki na ya simu, vibali vya kusafirisha mazao ya misitu, daftari la madeni. Hapo utapata makisio ya uaminifu. Kisha useme wazi kwamba ni makisio na jinsi ulivyoyapata. Kama wewe ndiye uliyeanzisha daftari la kwanza katika biashara hiyo, simulia hilo kabla ya kuulizwa, pamoja na alivyopokea baba siku daftari lilipoonyesha mteja wake mkubwa ndiye anayemtia hasara. Msaili atataka kujua wewe na baba mlizungumzaje.

Mwanachama wa Njombe: Nilimaliza chuo kwa daraja la pili la chini. Nilitaje mwenyewe au ninyamaze?

Jibu: Limo kwenye cheti, wamekwisha kuliona, nawe wamekuita hivyohivyo. Usilitaje kwanza. Ukiulizwa, toa sababu kwa sentensi moja, usimlaumu mhadhiri, kisha onyesha kazi ya hesabu uliyoifanya baadaye inayothibitisha kwamba darasa la takwimu litakuwa ndani ya uwezo wako.

Mwanachama wa Tunduma: Kiingereza changu kina lafudhi nzito, na nikiharakishwa maneno hupotea.

Jibu: Lafudhi haina shida, haraka ndiyo yenye shida. Msaili akiuliza, vuta pumzi, na ukihitaji muda sema unahitaji muda. Kama hukumwelewa, mwombe arudie. Jipe kanuni ya sentensi fupi: jambo moja, nukta, jambo la pili. Jaribu leo jioni na kisa kimoja tu, na ukisharekodi nitumie nikisikilize.