Kukagua na kutoa chumvi ya barabara za theluji mvunguni mwa gari

Gari linaloshuka bandarini Mombasa kutoka Sapporo huko Japani au Manchester huko Uingereza huweza kuwa na bodi inayong'aa na injini isiyo na neno, huku mvunguni limeshaanza kuoza. Huko majira ya baridi, barabara ikikaribia kuganda, malori hupita usiku yakimwaga chumvi ya mawe ili maji yasigeuke barafu. Uingereza humwaga gramu 10 hadi 20 kwa mita mraba kwa kujikinga tu, na huweza kufika 40 theluji inapoanguka. Baridi ikishuka sana chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huanza kushindwa, na hapo kloridi ya kalsiamu hufaa zaidi. Japani ilipopiga marufuku tairi za misumari, zinazoshika barafu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, dawa za kuyeyusha barafu ziliongezeka barabarani.

Madereva wa huko hawana kauli moja kuhusu jambo hili. Wengi hulalamikia kokoto zinazogonga vioo, kutu, miti ya kando ya barabara inayokauka, na chumvi inayoingia katika mito na visima. Wakati huohuo hao hao hulalama lori lisipopita, kwa maana kuteleza kwenye barafu huua. Sisi tunaonunua magari hayo tunapokea kutu bila kupata ile faida.

Na Malindi si mahali pazuri pa kupokea gari la namna hiyo. Chumvi iliyokauka ndani ya mikunjo ya chuma hulala tu, lakini unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, huvuta maji hewani na kuwa majimaji. Usiku wa pwani unyevu huo ni wa kawaida. Kloridi ya kalsiamu huanza kuvuta mapema zaidi, hata hewa inapoonekana kavu. Ongeza rasharasha za bahari wakati wa kusi, na kutu iliyokuwa ikienda polepole hushika kasi.

Anza na karatasi

Omba cheti cha kufuta usajili cha Japani, umtafute anayesoma herufi zao akuambie namba ya usajili ya mwisho ilitolewa mji gani. Sapporo, Asahikawa, Hakodate, Aomori, Akita, Niigata na Nagano ni sehemu za theluji nyingi. Mnada kufanyika Yokohama hakumaanishi gari liliishi Yokohama. Kwenye karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linapouzwa mnadani, tazama mchoro wa bodi: herufi S ni kutu, C ni chuma kilicholika, na namba inayofuata ikiwa kubwa hali ni mbaya zaidi. Gari la Uingereza ni rahisi kulifuatilia. Kwa namba yake ya usajili, historia ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka, husomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao. Ukaguzi huo huanza gari likifika miaka mitatu, na Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo huenda kukawa na kurasa kadhaa za kusoma. Tafuta kila mahali palipoandikwa kutu kwenye paipu za breki au sakafu.

Kisha ingia mvunguni

Inua gari kwenye uwanja mgumu, weka stendi imara, na mawe kwenye tairi zozote zilizobaki chini. Jeki peke yake haitoshi kulala chini yake. Chukua tochi, bisibisi kubwa na brashi ya waya. Kagua vizingiti vya milango kwa chini, mahali springi na shoki za nyuma zinaposhika bodi, ncha za fremu inayobeba injini, shimo la tairi la akiba, na sehemu mikanda ya viti inapofungwa sakafuni. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia wazi, kilicholika hutoa sauti nzito iliyokufa. Kutu inayosuguliwa ikaacha chuma king'avu ni ya juujuu na haitishi. Inayobanduka kwa magamba imeshakula unene. Ncha ya bisibisi ikizama, achana na gari hilo, hata bei iwe nzuri namna gani.

Paipu za breki zinastahili muda wako zaidi ya kitu kingine. Fuata kila paipu kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma, hasa inapopita juu ya tangi la mafuta na chini ya vibanio, kwani hapo matope yenye chumvi hukaa miaka bila kuoshwa. Zikiwa na vipele na magamba, badilisha paipu nzima, ikiwezekana ya aleyi ya shaba na nikeli, kisha fundi atoe hewa kwenye mfumo. Kuunga kipande katikati ya paipu iliyooza ni kuhamisha tatizo sentimita chache mbele.

Rangi nyeusi mpya, nene, iliyopakwa mvunguni kote kwenye gari la miaka saba ikutie shaka. Huenda ni kinga, na huenda imefunika magamba. Kwaruza sehemu tatu nne uone.

Toa chumvi kabla ya kupaka chochote

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gari hufika, linapelekwa moja kwa moja kupigwa rangi ya lami au oili chafu, na chumvi inafungiwa ndani pamoja na unyevu wake. Kutu huendelea chini ya rangi bila kuonekana, mpaka kipande kizima kibanduke.

Osha kwanza, kwa maji matamu. Maji mengi ya visima karibu na ufuo yana munyu: yaonje, na ukihisi chumvi usiyatumie. Maji ya mfereji au ya mvua yaliyokingwa ndiyo yafaayo. Zibua kwa waya mwembamba matundu ya kutolea maji chini ya vizingiti na milango, halafu ingiza mpira wa maji ndani yake kwa nguvu ndogo hadi yanayotoka yawe safi. Pampu ya presha itumie kwenye matao ya tairi na fremu pekee, breki zikiwa zimepoa. Rudia mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu tope kavu huhitaji muda kulainika. Kisha acha gari likauke juani siku mbili, zulia na sponji zake zikiwa nje.

Kutu iliyobaki isugue kwa brashi na msasa namba 80, paka dawa ya asidi ya fosfori ukiwa na glavu, kisha praima ya zinki mara mbili siku hiyohiyo. Chuma kilicholazwa wazi usiku mmoja Malindi huamka na kutu mpya. Epuka siku ambazo upepo unaleta rasharasha. Ndani ya vizingiti nyunyiza nta ya kuzuia kutu bila kuziba matundu, na isiguse diski za breki wala eksozi.

Oili chafu hatuipendekezi hata kidogo. Hulainisha mpira wa bushi, hunasa vumbi, na hudondoka kwenye mchanga unaopeleka maji visimani.

Baadaye, ukiegesha karibu na bahari au ukipita Gongoni, penye viwanda vya chumvi, nyuma ya malori ya chumvi yanayovuja, suuza mvunguni kila wiki kwa jerikeni nne za lita 20. Ukiendesha ufuoni, suuza siku hiyohiyo. Turubai la plastiki lisifunike gari usiku, kwani hushika unyevu. Mvua za masika zikiisha, ingia tena na tochi ukague zile sehemu ulizopaka.