Somo: kuchagua kishikio cha darubini kwa shabaha za mbali

Salaam, wanachama wenzangu. Msimu wa kusi uliopita nilipoteza asubuhi tatu uwanjani nikiilaumu darubini ya bunduki yangu. Risasi tano za kwanza zilikaa pamoja, tano za pili zikahamia kushoto, kisha zikarudi. Nilipofungua, darubini haikuwa na kosa. Pete ya mbele ya kishikio, inayolibana bomba la darubini juu ya bunduki, ilikuwa imelegea, na kwenye bomba kulikuwa na mikwaruzo miwili inayong'aa, myembamba kama uzi, pale lilipokuwa likiteleza kila bunduki ilipopiga teke. Pete zile nilizichukua kwa kuwa zilikuwa za bei rahisi. Siku hizi mtu akiniuliza anunue nini kwanza, namwambia apunguze bei ya darubini kidogo, lakini asipunguze ya kishikio.

Kabla hujagusa skrubu yoyote: toa risasi, toa bolti, chungulia chemba kisha tia kidole. Hata kama uliiangalia jana.

Hatua ya 1: ijue reli yako, yaani kile kipande chenye mifereji juu ya bunduki ambapo pete hukaa. Zipo aina mbili zinazofanana kwa macho. Picatinny, iliyowekewa kipimo rasmi na jeshi la Marekani mwaka 1995, ina mifereji ya upana wa milimita 5.23, na kutoka kati ya mfereji mmoja hadi kati ya unaofuata ni milimita 10. Weaver ina mifereji myembamba zaidi, na nafasi zake hazilingani. Pete za Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny. Za Picatinny hazikai kwenye Weaver, na usizilazimishe.

Hatua ya 2: mteremko wa reli, yaani nyuma kuwa juu kidogo kuliko mbele. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, basi tukae kidogo. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100. Tuseme darubini yako inarekebishika kwa dakika 60 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Ukiweka sifuri kwa mita 100, yaani risasi ipige pale unapolenga, kwenye reli iliyo sawa, unabaki na takriban 30 za kupandisha. Bunduki ya .308 kwa yadi 1,000 inataka karibu 40, kwa hiyo nobu, kile kitufe cha kuzungusha ili kupandisha, itagota kabla hujafika. Reli yenye mteremko wa dakika 20 hukupa 50 juu na kukuachia 10 chini. Kama hupigi zaidi ya mita 300, reli iliyo sawa inakutosha.

Hatua ya 3: unene na kimo. Bomba ni la inchi 1, milimita 30 au 34, na pete lazima iwe ya unene huohuo. Kimo kiwe kidogo iwezekanavyo, mradi lenzi ya mbele isiguse mtutu na bolti ifunguke bila kugonga. Halafu fumba macho, laza shavu kwenye kitako, fumbua. Ukilazimika kuinua shingo ili uone picha nzima, kitako kiongezwe kimo.

Hatua ya 4: kufunga. Sukuma kishikio mbele hadi kiguse ukingo wa mfereji, ndipo ukaze. Skrubu za pete kaza kwa zamu, kwa mkingamo, kwa bisibisi ya kupimia nguvu. Watengenezaji wengi hutaja takriban Nyutoni-mita 2; fuata karatasi ya kishikio chako. Usikaze kwa hisia ya mkono, bomba huminywa.

Kusimamisha wima msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini, mimi hutumia timazi ya fundi mwashi. Itundike mahali pasipo na upepo, weka pimamaji juu ya reli, kisha zungusha darubini hadi mstari wa wima ulale juu ya uzi. Msalaba ukiinama upande kwa digrii 3, kosa halionekani kwa mita 100. Kwa mita 1,000, ambako umepandisha kama mita 12, risasi huenda pembeni zaidi ya sentimita 60.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Likoni: Maalim, nimefunga reli ya dakika 40, darubini ina dakika 60. Mbona sipati sifuri ya mita 100?*

Kwa sababu unahitaji kushusha 40 na chini kuna 30 tu, ndugu yangu. Rudi kwenye 20.

*Mwanachama wa Nyali: Nyumba iko karibu na bahari, skrubu zashika kutu kila mara. Nitie grisi?*

Usitie grisi kwenye pete, itateleza na pia utakaza kupita kiasi. Chumvi ikikaa kati ya skrubu ya chuma na kishikio cha alumini, alumini ndiyo inayoliwa, utaona unga mweupe kwenye kiungo. Ukitoka uwanjani futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo upande wa nje, na usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa sponji, kwani unatunza unyevu. Weka vifuko vya kufyonza unyevu kwenye kabati la chuma, uvibadilishe.

*Mwanachama wa Kilifi: Bunduki ya upepo ya springi ina teke dogo. Kishikio chochote kitafaa?*

La. Springi hurusha bunduki nyuma kisha mbele, na hiyo hung'oa vishikio vinavyovumilia bunduki kubwa. Tafuta chenye pini ya kuzuia, na darubini iliyoandikwa kuwa ni ya bunduki za upepo.

*Mwanachama wa Likoni tena: Nitajuaje skrubu imelegea kabla risasi hazijaniambia?*

Piga mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka.