Kutafuta Mahali Kilipo Kifaa cha Waifai Ndani ya Jengo kwa Antena ya Mwelekeo

Ndani ya jengo, nguvu ya mawimbi peke yake haitoshi kukadiria umbali, kwa kuwa ukuta mmoja wa zege huweza kuipunguza sawa na mita nyingi za mahali pa wazi. Mwelekeo unaaminika zaidi. Kwa hiyo fundi anayesaka ruta ngeni iliyochomekwa kwenye mtandao wa ofisi bila idhini atumie antena ya mwelekeo, yaani inayopokea zaidi kutoka upande ilikoelekezwa, kama vile Yagi (antena ya vijiti vilivyopangwa sambamba), pamoja na laptopu yenye programu ya kuonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, kizio ambacho hapa huwa na namba hasi: kadiri ilivyo karibu na sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu zaidi.

Andaa ramani ya sakafu yenye vipimo sahihi, uchague vituo vitatu vya kupimia vilivyo mbali na makabati ya chuma. Pembe zipimwe kuanzia ukutani, wala si kwa dira, maana nondo zilizomo katika zege hupotosha sindano yake.

Ibakishe programu kwenye chaneli ya kifaa kinachotafutwa, kisha zungusha antena hatua kwa hatua, kila hatua nyuzi 15. Katika kila pembe chukua vipimo kadhaa na uandike kile cha katikati, kwa sababu katika gigahezi 2.4 wimbi lina urefu wa takriban sentimita 12, hivyo antena ikisogea upana wa kiganja tu kipimo hubadilika. Simama nyuma ya antena, kwani mwili wa binadamu hufyonza mawimbi haya.

Wengi huchora mstari kwenye pembe yenye kipimo cha juu kabisa, nami siushauri utaratibu huo, kwa kuwa kilele cha antena hizi ni kipana na hakionyeshi pembe moja bayana. Miteremko yake, yaani pande mbili ambako nguvu hushuka, ndiyo yenye taarifa. Ikiwa kilele ni -48 dBm, rudia miteremko kwa hatua za nyuzi 5 hadi upate pembe mbili, moja kila upande, zenye -54 dBm, yaani 6 chini ya kilele. Zikiwa nyuzi 40 na 110, mwelekeo ni katikati yake, nyuzi 75; uchore kwenye ramani mstari wa mwelekeo huo kutoka kituoni, na ufanye vivyo hivyo kwa vituo vingine viwili. Vilele viwili vikijitokeza, huenda kimojawapo ni mwakisiko wa ukuta au chuma: sogeza kituo mita moja au mbili, upime tena, na ukubali ule mwelekeo unaoendelea kuelekea mahali palepale.

Kosa la nyuzi 10 kwa umbali wa mita 10 ni karibu mita 1.8, kwa hiyo mistari mitatu itaunda pembetatu badala ya nukta. Upekue eneo lote la pembetatu hiyo, pamoja na juu ya dari.