Namna ya kuukabili ujumbe wa kitapeli unaowinda taarifa zako

Mtumishi aliyehamia Dodoma na kupanga chumba Nkuhungu anaposoma "Ile kodi itume kwenye namba hii, jina litakuja…", huingia mtegoni kwa sababu kodi kweli anadaiwa. Tapeli hamjui, ametuma maneno hayohayo kwa watu wengi akitarajia mmoja wao awe na deni. Ujumbe wa aina hiyo dawa yake ni nyepesi: mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali.

Unaohitaji umakini zaidi ni ule usioomba hata shilingi. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na anayesubiri kuitwa kwenye usaili hutumiwa kiungo na kutakiwa ajaze namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), tarehe ya kuzaliwa na namba ya siri ya simu, ingawa hakuna mwajiri anayehitaji namba ya siri ya mtu. Usikibonyeze, andika mwenyewe anwani ya tovuti unayoifahamu. Ukitaka kukikagua, soma maneno yanayotangulia mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti: tovuti ya serikali huishia na go.tz mahali hapo, ilhali matapeli hupenda kuzichomeka herufi hizo katikati ili jicho la haraka liridhike.

Kuna pia tarakimu sita za kuthibitisha akaunti ya WhatsApp. Tapeli huingiza namba yako kwenye simu yake, tarakimu zikafika kwako, kisha kupitia akaunti ya rafiki yako aliyekwisha kuibiwa anakuandikia: "Samahani, nimekutumia namba kimakosa, nirudishie." Usimrudishie, hata akikuita dada au kaka, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Iwapo umeshatoa taarifa, badilisha namba ya siri kwanza, maswali baadaye. Piga 100 kwa mtandao wako, ijulishe benki, kisha ukaripoti polisi ukiwa na ujumbe wenyewe, kwa hiyo usiufute. Usambaze pia kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na ufuate maelekezo yatakayorudi. Mwisho piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, hasa kama wakala wa barabarani aliyekusajilia laini aliwahi kukurudishisha kidole kwenye mashine mara kadhaa akidai hakijasoma. Laini usiyoitambua ipeleke kwenye duka la mtandao husika ikafutwe.